TAHADHARI: Paterni 5,000 kwa Tsh 15,000, mimi nimelizwa

Wakuu, habari za kutwa. Hii ni ya wanaopiga kazi za grafiki, mabango, mifuko ya zawadi na mapambo ya harusi. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza "paterni 5,000 zisizo na mshono: kitenge, kanga, marumaru, mbao", yaani picha za kurudiarudia zikaungana bila kiungo kuonekana. Bei Tsh 15,000, unalipa kwa simu, anakutumia linki. Kaniliza, na hasara haikuishia kwenye hiyo elfu kumi na tano.

Nilikuwa na mteja wa send-off, anataka kitambaa cha nyuma cha kupigia picha, mita 3 kwa 2.4, maua ya dhahabu juu ya kijani. Muda umebana, nikalipa. Linki ikaja fasta, mzigo mzima GB 1.2. Ningeshtuka hapohapo: gawa GB 1.2 kwa 5,000, kila picha inaambulia kama KB 240. Nikafungua moja, pikseli 600 kwa 600. Kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi ya kuchapa) hiyo ni sentimita 5, urefu wa kiberiti. Nikajipa moyo kwamba bango kubwa tunachapa hata dpi 100, na kwenye laptop ilionekana safi.

Tukafika Kariakoo, mashine ikatoa mita ya kwanza. Mchapaji akaniangalia: "Bro, hii umeiunga mwenyewe?" Mstari mweupe mwembamba kama uzi, kila sentimita 15, wima na mlalo. Vipande 20 kwa upana, 16 kwa kimo. Ua linakatika nusu, pembeni yake linaanza jani lisilo lake. Send-off ya watu imegeuka sakafu ya bafu. Kitambaa nikalipia mimi, halafu nikakesha kuchora paterni upya.

Shughuli ilipoisha nikakaa kuukagua mzigo vizuri. Ua moja limebadilishwa rangi mara arobaini na kuhesabiwa paterni arobaini. Nyingine ukivuta karibu unaona kivuli cha herufi za tovuti ya picha, alama imefutwa nusunusu. Na folda ya kanga ndiyo iliyoniudhi zaidi: amepiga picha kanga nzima, akafuta jina, akaipunguza. Jamani, kanga ina pindo pande zote nne na mji katikati, ukiirudiarudia unapata madirisha, hupati paterni. Kitenge ndicho kinachojirudia. Anayeuza hajui hata anachouza.

Ndani kulikuwa pia na faili inayoishia .jpg.exe. Hiyo si picha, ni programu, na Windows huwa inaficha hiyo exe ya mwisho. Sikuifungua. Aliyeifungua abadilishe nywila zake kwa kutumia kifaa kingine, kisha asafishe kompyuta.

"Leseni" yake ni karatasi ya Word, mstari mmoja: tumia utakavyo. Mwizi wa kuku anakuandikia risiti! Mchoraji halisi akiiona kazi yake kwenye bidhaa ya mteja wako, wa kwanza kutafutwa ni ninyi wawili, na jamaa ameshatupa laini.

Kabla hujalipa mtu yeyote, omba faili moja halisi, siyo picha ya mto wa kochi au kikombe kilichopambwa kama ya tangazo lake. Ifungue Photoshop, nenda Filter, Other, Offset, weka nusu ya upana na nusu ya kimo, chagua Wrap Around. Kingo zinahamia katikati. Mshono ukiwepo utauona umekaa kama msalaba. Huna Photoshop? Panga nakala nne zigusane kwenye Canva, kisha vuta karibu. Mwenye kazi yake hakunyimi sampuli moja. Na kama shida yako ni tekscha (picha za sura ya juu) za mbao, mawe au saruji, tovuti za ambientCG na Poly Haven wanazitoa bure kwa leseni ya CC0, yaani mwenyewe ameachia haki zake, hata kwa kazi ya biashara.

Nilimwandikia anirudishie pesa. Akajibu "boss vumilia, nakutumia nyingine HD", kisha akaniblock. Namba yake nimeiripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, nanyi mliopigwa ripotini.

Jana tangazo limerudi kwenye grupu jingine. Jina jipya, namba mpya, sasa Tsh 12,000. Picha ya mto ni ileile.