Uzoefu wangu na ada ya matunzo ya mwaka katika klabu ya likizo huko Florida

Mimi na mume wangu tunaishi Marekani, na kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa wanachama wa klabu ya likizo yenye majengo yake karibu na Orlando, katika jimbo la Florida. Tathmini hii haihusu mabwawa ya kuogelea wala usafi wa vyumba, ambavyo sina malalamiko navyo. Inahusu bili inayotufikia kila mwisho wa mwaka, kwa kuwa bei ya kujiunga hulipwa ikaisha, lakini ada ya matunzo huendelea kudaiwa maadamu jina lako limo katika hati.

Umiliki wetu ni wa hati miliki: tunamiliki sehemu ndogo ya jengo pamoja na maelfu ya watu wengine, na sehemu hiyo imegeuzwa kuwa pointi ambazo tunazitumia kuweka nafasi ya malazi. Chama cha wamiliki hukadiria gharama za kuendesha jengo kwa mwaka mzima, kisha hugawanya jumla yake kwa wamiliki wote kulingana na pointi walizonazo. Aliyewahi kuwa na fleti Kilimani au Upanga anaufahamu utaratibu huu, maana hata akisafiri miezi sita, mlinzi hulipwa na lifti hutengenezwa. Ndiyo sababu ombi la kupunguziwa kwa kuwa mwaka huu hatukwenda halina mahali pa kusimama, na vilevile anayechagua kwenda msimu usio na wageni wengi hapunguziwi hata senti. Anachopata ni kutumia pointi chache zaidi kwa usiku mmoja.

Bili yetu ya karibuni ilikuwa dola 1,140. Kati ya hizo, 735 ni za uendeshaji, yaani mishahara, umeme, maji, usafi, bima na malipo ya kampuni ya usimamizi. 228 zinaingia katika mfuko wa akiba wa kubadilisha mapaa, fanicha na mitambo ya kupoza hewa. 97 ni kodi ya majengo, ambayo chama kinaikusanya kwa niaba ya serikali ya kaunti. Na 80 ni ada ya klabu inayoendesha mfumo wa pointi. Ninapowasikia wanachama wenzangu wakiilalamikia ile 228, huwa sikubaliani nao. Mfuko wa akiba ukiwa mdogo, bili ya leo hupendeza, lakini paa likifika mwisho wa umri wake fedha zitatafutwa kwa mchango maalumu, na mchango wa namna hiyo hauna hiari. Ninaloliangalia kwa jicho kali ni malipo ya kampuni ya usimamizi, ambayo mara nyingi ni tanzu ya kampuni ileile iliyojenga na kuuza, na ambayo katika mikataba mingi hulipwa kwa asilimia ya bajeti, kiasi kwamba gharama zinapopanda nayo hupata zaidi.

Sheria ya Florida, Sura ya 721, inamtaka msimamizi ampe kila mmiliki bajeti ya mwaka yenye mchanganuo, na ahakikishe taarifa za fedha zinakaguliwa kila mwaka. Klabu yetu inatimiza wajibu huo, ingawa nyaraka zenyewe zimefichwa ndani kabisa ya tovuti ya wanachama, na anayezitaka lazima awe na subira.

Jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka mno ni dhamana ya ada. Wakati jengo bado linauzwa, kampuni iliyojenga inaruhusiwa kuahidi kwamba ada haitapita kiwango fulani, na yenyewe kufidia pengo la gharama, badala ya kulipia ada ya sehemu ambazo hazijauzwa. Mnunuzi wa miaka ya mwanzo kwa hiyo huonyeshwa ada iliyoshikiliwa isipande. Siku dhamana inapokwisha, gharama kamili huwashukia wamiliki, na ongezeko la mwaka huo haliwezi kuelezwa kwa mfumuko wa bei peke yake. Anayefikiria kununua katika jengo jipya na aulize, kwa maandishi, dhamana itakwisha lini.

Halafu kuna hali ya hewa. Kimbunga Ian kilipiga Florida Septemba 2022, na mafuriko yakafika hadi maeneo ya Orlando na Kissimmee yaliyo mbali na pwani. Bima ya kimbunga katika jimbo hilo kwa kawaida humwachia mwenye mali asilimia fulani ya thamani ya jengo kabla haijalipa chochote, na ada inayolipwa kwa kampuni za bima imepanda sana tangu wakati huo. Kwa mwanachama, mambo hayo yote mawili huishia katika bili.

Je, ada inalingana na tunachokipata? Kwa wiki moja katika nyumba ya vyumba viwili yenye jiko, ambayo ndiyo pointi zetu za mwaka hutupatia, 1,140 ni takriban dola 163 kwa usiku, na kwa familia ya watu sita bei hiyo ninaiona nzuri. Hata hivyo, kipimo cha haki ni bei ambayo wamiliki wengine hukodisha wiki zao katika jengo hilohilo, na mara nyingi hukodisha kwa kiasi kilekile cha ada, au pungufu, ili tu wairudishe. Mpangaji wao hana deni mwaka unaofuata. Anayetaka kubadilishana wiki na majengo ya nchi nyingine kupitia kampuni za mabadilishano kama RCI au Interval International ataongeza ada ya uanachama na ya kila mabadilishano, juu ya ile ya matunzo.

Mnunuzi wa Florida ana siku 10 za kughairi mkataba bila adhabu, tangu kutia saini au kupokea nyaraka zote, lolote litakalotokea mwisho. Katika Umoja wa Ulaya ni siku 14. Baada ya hapo njia ya kutoka ni nyembamba. Soko la mauzo ya mkono wa pili ni dhaifu kiasi kwamba wengine huuza kwa dola moja, na asiyelipa ada huweza kunyang'anywa sehemu yake mahakamani. Kampuni zinazopiga simu zikiahidi kukutoa kwa malipo ya awali zikatalie. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliweka vikwazo dhidi ya kampuni za Mexico zilizohusishwa na CJNG, genge la dawa za kulevya la nchi hiyo, kwa ulaghai wa aina hiyo. Klabu yetu hupokea umiliki wa anayetaka kuurudisha, mradi mkopo wa ununuzi umekwisha na ada zote zimelipwa. Sisi tunabaki, ila kila tunapoitwa ofisini kununua pointi zaidi tunakataa, kwa kuwa kila pointi inayoongezwa ina ada yake.