Uzoefu wangu na Pentax K1000, filamu ya HP5 Plus na dawa ya ID-11

Watu wakizungumzia kupiga picha kwa filamu, kamera ndiyo inayobeba sifa zote: mwili wa chuma, mlio wa shata, weusi uliochubuka kwenye pembe. Mimi nimetumia Pentax K1000 kwa muda mrefu sasa, nikitia filamu ya nyeusi na nyeupe ya Ilford HP5 Plus na kuisafisha mwenyewe kwa dawa ya ID-11. Naipenda kamera hii na nitaisifu. Lakini katika vitu hivyo vitatu, yenyewe ndiyo yenye mchango mdogo zaidi kwenye picha ninazozipata. Picha inajengwa na namna ulivyopima mwanga na namna ulivyotumia dawa. Anayepanga kumaliza pesa zake zote kwenye kamera halafu filamu akasafishiwe popote, naomba asome hadi mwisho.

Asahi ya Japani ilianza kuiuza K1000 mwaka 1976, na ikaendelea kutengenezwa hadi 1997, ndiyo maana bado zimejaa sokoni kuliko kamera nyingi za rika lake. Haijitafutii fokasi, haijipangii mwanga, haina hata kipima muda cha kujipiga mwenyewe. Una spidi za shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000, una pete ya tundu la lenzi na pete ya fokasi, basi. Betri ni moja, LR44, na kazi yake ni kuendesha mita ya mwanga tu. Ikiisha, shata inaendelea kufyatuka kwa spidi zote. Hapo unarudi kwenye kanuni ya kale: jua likiwa kali, weka tundu la lenzi f/16 na spidi iliyo karibu na namba ya filamu (inayoonyesha wepesi wake wa kunasa mwanga), yaani 1/500 kwa filamu ya 400 kama HP5. Nimepata negativu safi kabisa kwa kanuni hiyo peke yake.

Kasoro zake zipo. Haina swichi ya kuzima mita. Mita inatulia pale lenzi isipopokea mwanga, kwa hiyo bila kifuniko cha lenzi betri inaisha kamera ikiwa imekaa tu mezani. Kitufe cha kufyatulia hakina kufuli, na ukiiweka kwenye mkoba ikiwa imeshavutwa, kikiguswa kidogo fremu imekwenda. Huwezi pia kuona kabla ya kupiga ni sehemu gani za picha zitakuwa kwenye fokasi. Inabidi usome alama zilizochorwa kwenye lenzi. Halafu ni nzito, bega litakueleza.

Kuhusu kununua iliyotumika, usitosheke na maneno. Yangu niliuziwa kama kamera iliyokaguliwa, lakini sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma zilikuwa zimeoza na kugeuka uchafu mweusi unaonata kama lami. Kuzibandua na kubandika nyingine si kazi ngumu, ila ni lazima ujue kwamba zipo. Fungua mgongo, weka spidi ya 1/1000, elekeza lenzi kwenye mwanga na ufyatue huku ukichungulia kwa nyuma. Fremu nzima inatakiwa imulike. Upande mmoja ukibaki giza, mapazia ya shata hayakimbii pamoja. Kisha weka sekunde 1 usikilize kama inafika mwisho bila kusuasua. Mulika lenzi kwa tochi utafute kuvu, ile mistari myembamba inayotambaa ndani ya kioo. Mikwaruzo midogo ya nje haina madhara makubwa kama watu wanavyoihofia.

Kutia filamu kuna jambo moja tu la kuzingatia. Ukishafunga mgongo, zungusha taratibu kile kitasa cha kurudishia hadi ulegevu uishe, kisha vuta wenzo wa kusogezea filamu. Kitasa kikizunguka chenyewe, filamu imeshika na inasogea. Kisipozunguka, fungua utie upya, maana namba za kuhesabia zitaendelea kupanda hata kama filamu imelala palepale.

Sasa mita. Mita ya K1000 inapima kidirisha kizima kwa wastani. Sindano ikikaa katikati maana yake kamera imekichukulia chochote ulichokielekezea kuwa ni kijivu cha kati. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, mita inauona ukuta, inataka upunguze mwanga, na uso unatoka kama doa lisilo na macho. Ukimsogelea mpaka uso wake ujaze kidirisha, mita inafanya kinyume chake: inaona giza, inataka uongeze mwanga, na ngozi inatoka imepauka, haina uhai wake.

Ninachofanya ni hiki. Nasogea karibu, napima uso peke yake, kisha napunguza hatua moja, yaani nusu ya mwanga: sindano ikitulia kwenye f/4, nafunga hadi f/5.6. Narudi nilipokuwa, nafokasi kwenye jicho, napiga, na wala siisikilizi tena sindano inasema nini. Ngozi inatoka na uzito wake wa kweli, na mng'ao wa kwenye paji la uso na mashavuni unabaki bila kuungua. Hakuna kamera ya zamani itakayokufanyia hili yenyewe, hata yenye jina kubwa mara kumi. Nimeona picha nyingi za ndugu zetu zilizoharibika kwa sababu mpiga picha aliiamini sindano kuliko uso uliokuwa mbele yake, na hilo linaniuma.

HP5 Plus inasaidia sana hapo kwa sababu ni filamu yenye subira. Ukizidisha mwanga hatua moja, hata mbili, bado negativu inachapika. Kupunguza ndiko kubaya, maana kivuli ambacho mwanga haukukifikia hakiletwi na dawa yoyote duniani. Kwa hiyo kwenye mashaka mimi naongeza. Chembechembe zake zinaonekana, sitazificha. Anayetaka picha laini kabisa atazame Delta 400 au T-Max 400, ambazo chembe zake zimetengenezwa kuwa bapa na hutoa picha laini zaidi. Mimi chembe za HP5 nazipenda, hasa kwenye ukuta wa plasta, kitambaa cha pamba na ndevu za mzee.

Usiku au ndani ya jengo lenye mwanga hafifu naipiga kama filamu ya 1600, yaani naipa robo tu ya mwanga wake wa kawaida, kisha naisafisha kwa ID-11 isiyozimuliwa (isiyoongezwa maji) dakika 14 kwenye nyuzi 20. Vivuli vinazama, weusi na weupe vinaachana kwa nguvu. Kwa jukwaa la muziki inapendeza, kwa picha ya bibi harusi siithubutu. Mchana wa mawingu meupe nafunga kichujio cha njano, anga linashuka kidogo na mawingu yanajitokeza. Kinakula karibu hatua moja ya mwanga, lakini kwa kuwa mita inapima kupitia lenzi, kamera inajirekebisha.

Nimefika kwenye kusafisha, sehemu ambayo wengi wanaiogopa bure. Huhitaji chumba cha giza. Unahitaji mfuko mweusi wa kuingizia mikono, tanki lisilopitisha mwanga, kipimajoto, chupa kadhaa na saa. Na tuliondoe hili mapema: taa nyekundu ni ya karatasi ya kuchapishia. HP5 inaona rangi zote pamoja na hiyo nyekundu, kwa hiyo filamu inatoka kwenye kopo lake ndani ya giza totoro.

Natumia tanki la Paterson lenye rili ya plastiki, ile ya kuviringia filamu. Kabla ya kuingiza kitu chochote mfukoni, kata ncha ya filamu na uziviringe pembe zake mbili kwa mkasi, zisikwame. Ndani ya mlango wa rili kuna vigololi viwili vidogo. Ukizungusha pande za rili mbele na nyuma kwa zamu, vinaishika filamu na kuivuta yenyewe, unaisikia ikiteleza chini ya vidole. Rili ikiwa na unyevu kidogo tu, filamu inaganda katikati ya safari. Mikono ikikaa mfukoni muda mrefu inatoa jasho, na jasho linaleta balaa lilelile, kwa hiyo ifanyie mazoezi filamu mbovu mchana kweupe, kisha ukiwa umefumba macho, ndipo uingie mfukoni.

ID-11 inakuja kama unga, pakiti mbili, A na B. Kwa lita moja unaanza na maji ya nyuzi 40 pungufu ya lita, unayeyusha A yote, kisha B, halafu unajazia. Usiubadilishe mpangilio huo: metoli, mojawapo ya viini vyake, inayeyuka kwa shida kwenye maji yaliyokwisha kujaa salfaiti, chumvi iliyo nyingi kwenye dawa hii. Vaa glavu, maana metoli hiyohiyo huwasha ngozi za baadhi ya watu na kuwaachia upele. Vyombo vya dawa visirudi jikoni kamwe. Chupa iliyojaa hadi shingoni inakaa miezi 6. Ikibaki nusu, hesabu mwezi mmoja, kwa sababu hewa ndiyo inayoiua.

Naizimua nusu kwa nusu. Filamu moja ya 35mm kwenye tanki la Paterson inataka mililita 290, kwa hiyo dawa 150 na maji 150 vinatosha. Ikishatumika inamwagwa, na lita moja inanipa filamu 6. Muda ni dakika 13 kwenye nyuzi 20. Napindua tanki mara 4 katika sekunde 10 za mwanzo, nagonga kitako chake mezani mapovu yaachie, kisha napindua mara 4 tena kila dakika inapoanza. Ukitikisa kwa pupa, dawa inapita kwa kasi kwenye matundu ya pembeni ya filamu na kuacha michirizi iliyokolea inayoonekana angani.

Huku kuzimua kuna faida ambayo siioni ikitajwa vya kutosha. Maji ya bomba yakiwa na nyuzi 26, kuyashusha hadi 20 kunataka barafu na uvumilivu. Lakini muda unaweza kufuata joto: punguza karibu asilimia 10 kwa kila nyuzi inayopanda. Dawa isiyozimuliwa, ambayo kwenye nyuzi 20 huchukua dakika 7 na nusu, inashuka hadi kama dakika 4, na kwa muda mfupi hivyo kuchelewa kidogo kumimina kunatosha kuleta mabaka. Ikiwa nusu kwa nusu, dakika 13 zinashuka hadi karibu 7, na hapo unafanya kazi kwa utulivu. Kwa yeyote anayesafisha filamu penye joto, sababu hii peke yake inatosha kuichagua ID-11 ya kuzimua.

Baada ya hapo mambo yanakwenda haraka. Sekunde 10 za maji ya kusimamisha dawa, kisha fiksa, ambayo kazi yake ni kuyeyusha chumvi zote za fedha zisizoguswa na mwanga. Fiksa naijaribu kwanza kwa kipande kile nilichokikata mwanzoni. Nakidumbukiza, nasubiri utando wa maziwa uondoke kibaki angavu, na muda huo nauzidisha mara mbili. Kikichukua muda mrefu kuliko kawaida, fiksa imechoka. Fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake, kwa hiyo isimwagwe kwenye udongo wala mtaroni. Ikusanye kwenye dumu na uipeleke panapopokewa taka za kemikali.

Kuosha nafuata utaratibu wa Ilford wenyewe, unaookoa maji: jaza tanki, pindua mara 5, mwaga, jaza, mara 10, mwaga, jaza, mara 20, mwaga. Mwisho tone la dawa ya kuondoa madoa ya maji, na filamu inaning'inizwa mahali pasipo vumbi ikiwa na kibanio kizito chini.

Nimejaribu pia Rodinal, dawa iliyokuwepo tangu 1891. Inakaa kwenye chupa miaka, inazimuliwa tone kwa maji mengi, na ukali wa mistari yake unasisimua. Kwa HP5, hata hivyo, chembe zinakuwa nzito mno kwenye nyuso. Nimeiachia majengo na miti.

Kwa hiyo nashauri hivi: nunua kamera yoyote ya kupanga kwa mkono yenye shata nzima na lenzi isiyo na kuvu, hata isiyo na jina. K1000 ni chaguo zuri kwa kuwa fundi anaijua na lenzi zake ni nyingi. Fedha inayobaki itie kwenye filamu, kipimajoto cha kuaminika na dawa mpya. Kisha usibadilishe chochote mpaka uwe unaitazama negativu na kujua kama kosa lilikuwa la mwanga au la dawa: vivuli vikiwa vitupu kabisa, mwanga haukutosha; vivuli vipo lakini sehemu nyeupe zimeziba hazipitishi mwanga, dawa ilikaa muda mrefu mno. Mimi nimeanza sasa tu kugusa FP4 Plus, filamu ya 125, kwa dawa ileile nusu kwa nusu. Inachukua dakika 11, na chembe zake zimetulia zaidi.