myNoise: mvua unayoipanga mwenyewe

Tovuti ya myNoise, iliyoanzishwa mwaka 2013 na mhandisi wa Ubelgiji, Stéphane Pigeon, imenifaa kuliko programu nyingine zote za sauti za kutuliza mawazo nilizowahi kutumia, kwa sababu inamwachia msikilizaji mwenyewe aamue mvua yake iwe ya namna gani. Kila sauti ina vidhibiti 10, kuanzia mngurumo mzito hadi mchirizo mwembamba. Ukishusha vile vya juu, mvua husikika kana kwamba uko ndani na madirisha yamefungwa, na ukivipandisha, matone hudondoka karibu kabisa na sikio. Jioni, baada ya kutwa nzima ya honi za daladala, mimi huacha ule mngurumo wa chini peke yake, kwa sauti ndogo, nao hufunika makelele ya mtaani bila kunidai nisikilize. Muziki wenye maneno hauiwezi kazi hiyo, kwani akili hufuata mashairi. Spika ya simu haitoi vizuri sauti nzito, hivyo ni afadhali kutumia vipokea sauti vya masikioni. Tovuti haina matangazo, hutegemea michango ya watumiaji, nami nimechangia kwa moyo mkunjufu.