Ubao laini wa theluji: roka au kemba?

Kwenye mizani ya ugumu ya 1 hadi 10, mbao laini za kuteleza kwenye theluji, yaani zinazopinda kirahisi, huangukia 2 hadi 4, ingawa kila kampuni hupima kwa jicho lake. Ukishaamua kununua ubao laini wa bei nafuu, linalobaki ni umbo: roka au kemba.

Roka imekaa kama mtumbwi: katikati hugusa theluji, ncha zote mbili zimeinuka. Kwa anayejifunza kujizungusha au kuteleza juu ya vyuma, hii ni rehema, maana ukingo haunasi ovyo. Kwenye theluji ya unga huelea bila kulazimishwa. Tabu huanza kwenye barafu na mwendo kasi: ubao huyumba, na ule ulaini wake huzidisha mambo.

Kemba ni kinyume. Katikati imeinuka, na uzito wako ndio unaoilaza. Ukijirusha, ule mkunjo hukusukuma juu. Ukikata kona, ukingo huuma kwa urefu wake karibu wote. Kwa mtu wa mlima mzima, anayetaka njia zilizosawazishwa na rampu kwa siku moja, mimi ningechagua hii, hata kama mwanzoni itamwangusha zaidi.

Uso wa chini usikusumbue: kwa bei hii, wa aina zote mbili kwa kawaida si wa kasi sana, lakini hutengenezeka kirahisi na hauli nta nyingi. Upana ndio wa kuangalia kabla ya rangi. Buti likitokeza mno nje ya ubao, litaburuza kila kona.