jQuery kwenye kushika kliki na matukio mengine: bado naikubali, ila sio kila mahali

Wadau, vijana wengi siku hizi wanaiona jQuery, maktaba ya msimbo wa JavaScript (lugha inayoendesha kurasa za wavuti), imezeeka lakini mimi bado naipa heshima yake. Ilitoka 2006, kazi ya John Resig, na enzi zile ukitaka batani isikie kliki unaandika mara mbili, brauza nyingine zinataka amri ya addEventListener, Internet Explorer yenyewe mpaka toleo la 8 inataka attachEvent, tena humo ndani neno this linakupa window, yaani dirisha zima la brauza, badala ya batani iliyobonyezwa. jQuery ikamaliza hayo yote kwa mstari mmoja.

Kinachonikosha zaidi ni on(), amri ya kuweka msikilizaji, yaani msimbo unaosubiri kliki, iliyoingia toleo la 1.7 mwaka 2011. Chukua jedwali la bidhaa, kila mstari una batani ya kufuta, na mistari mingine inaongezeka ukurasa ukiwa umeshafunguka. Ukiweka msikilizaji kwa kila batani, zile mpya zinakuwa kiziwi, unabonyeza wee hakuna kitu. Ila ukiandika $('#bidhaa').on('click', '.futa', futaMstari) msikilizaji ni mmoja tu, amekaa kwenye jedwali, kliki inapanda kutoka kwenye batani mpaka inamfikia, hata batani iliyozaliwa sekunde hii. Halafu unaweza kumpa jina, click.kapu, siku ukitaka kumtoa unaita off('.kapu') na wasikilizaji wengine hawaguswi. Safi sana aisee.

Mabaya yapo. return false kwenye jQuery inazuia fomu isitumwe na papo hapo inazuia tukio lisipande juu, watu wanaizoea, wakihamia addEventListener wanaiandika vilevile na fomu inaondoka zake, kule lazima uite preventDefault(). Pia on() haina pa kuweka passive: true, na hiyo kwa simu za bei ndogo ni muhimu mno, inaiambia brauza iskroli tu bila kuisubiri skripti yako. Na uzito, toleo la 3 hata likibanwa ni kama kilobaiti 30, mwenye bando dogo anazilipia.

Kwa hiyo kama unagusa tovuti ya WordPress, itumie tu, inakuja nayo, ila pale andika jQuery maana $, kifupi chake, peke yake haikubali. Ukurasa mpya mdogo usiipakie, addEventListener na event.target.closest('.futa'), inayotafuta batani ya kufuta iliyobonyezwa, inakumalizia lile jedwali bila shida. Nyota nne kwa tano, moja nimeikata kwa ajili ya passive.