Uzoefu wangu: programu ya marejeo ikikutana na mihadhara ya YouTube

Kwa wale mnaoandika tasnifu kwa mtindo wa namba (kila chanzo kinatajwa kwa namba yake), IEEE au Vancouver, na vyanzo vyenu vingi ni mihadhara ya YouTube, nimeitumia sana Zotero, ile programu ya bure ya kutunza marejeo inayoingia ndani ya Word na ina kitufe chake kwenye brauza. Kwenye namba haina mpinzani kwakweli. Ukichomeka chanzo kipya katikati ya sura ya pili namba zote zinajipanga zenyewe, mhadhara uliokuwa [3] unakuwa [4] kila mahali ulipotajwa, na supavaiza akisema hamia Vancouver unabadili mtindo tu, kazi imeisha.

Sasa njoo kwenye video. Kitufe kinachukua jina la chaneli ndo kinaliweka kama mwenye kazi, wakati chaneli siyo mzungumzaji, yaani profesa aliyesimama akaongea saa nzima hatajwi kabisa. Kituko zaidi, jina la chaneli likikaa kwenye visanduku viwili, jina la kwanza na la ukoo, programu inadhani ni binadamu, kwa hiyo MIT OpenCourseWare, chaneli ya masomo ya chuo cha MIT, inaweza kutoka kwenye orodha kama M. OpenCourseWare, utadhani kuna mzee anaitwa hivyo 😂 Dawa ni kugeuza visanduku viwe kimoja, halafu mzungumzaji unamwandika mwenyewe kwa mkono.

Tarehe nayo icheki. Inayoletwa ni siku video ilipopandishwa, na mhadhara unaweza kuwa ulitolewa miaka kadhaa nyuma. IEEE inataka tarehe ya video kutoka, siku uliyoifungua, maneno Online Video kwenye mabano ya mraba, kisha linki. Mwaka wa mhadhara wenyewe mimi nautaja kwenye sentensi, pamoja na dakika, maana video haina ukurasa na huwezi kumwambia msomaji akae saa nzima kutafuta hoja moja. Linki ikate mkia, ile &list= (ya orodha ya video) inayofuata haina kazi.

Ila kabla ya kuhangaika na yote hayo tafuta kwanza kama mhadhara una makala yake kwenye chapisho la kongamano, ukiipata nukuu hiyo, mara nyingi ina DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) na haipotei kirahisi kama video. Naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya majina.