Kupiga marufuku au kuweka viwango: pombe kali Mtwara na Lindi

Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali iliyofungashwa katika vifuko vya plastiki, kwa nia ya kuwakinga vijana. Marufuku ni rahisi kuitekeleza, kwa kuwa askari akikuta kiroba dukani hahitaji maabara kuthibitisha kosa. Lakini kiu haikupigwa marufuku, na katika Mtwara na Lindi, ambako msimu wa korosho mabibo (matunda ya mkorosho) hukamuliwa, huchachushwa kuwa uraka na kisha hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa, kuwa pombe kali iitwayo nipa, mnywaji aliyekosa kiroba ana mbadala wa karibu usio na lebo, usiojulikana kiwango chake cha kilevi, na uliopikwa kwa siri mbali na macho ya mkaguzi.

Njia ya pili ni viwango na leseni, kama huko Goa, India, ambako feni, pombe kali ya mabibo, ni bidhaa halali. Ni njia ghali, na mpishi wa kijijini (mara nyingi mama anayesomesha watoto) huenda akashindwa ada. Hata hivyo naiona bora, kwa sababu inafika kwenye mtambo wenyewe wa kukenekea, ambako usafi wa vyombo na kutengwa kwa matone ya kwanza ya pombe yanayotoka huamua usalama wa kinywaji.